Kupima Ghala la Mama Mkwe

Tetemeko lilipopita Morogoro, watu wa sokoni walisema ni matokeo ya ruksa. Tangu serikali ilegeze mambo, kila kitu kilikuwa kinaingia bila kibali: mitumba, sabuni za rangi ya waridi, redio zisizomaliza mwezi. Matetemeko nayo yakaona njia iko wazi. Mzee mmoja aliyekuwa akiuza kamba karibu na stendi aliniambia kwamba enzi za ushirika jambo kama lile lisingetokea, kwa sababu lingelazimika kupitia mkoani kwanza. Alisema bila kucheka, na mimi sikucheka, maana nilikuwa nafanya kazi mkoani na nilijua anachomaanisha.

Nilikuwa fundi sanifu katika ofisi ya ujenzi. Kazi yangu ya kila siku ilikuwa kukagua mapaa ya shule na kuandika kwamba yanavuja. Lakini miaka michache kabla ya tetemeko ulikuja mradi wa wageni, ukaleta masanduku mawili ya kijivu, kila moja kama redio ya mezani. Ndani yake mlikuwa na vihisi vinavyosikia mtikisiko mdogo kabisa, hata paka akikatiza chumbani vinamwandika. Mradi ulipoisha, wageni waliondoka wakatuachia gari lisilo na matairi, kompyuta moja ambayo katibu muhtasi wetu aliifunika kitambaa chake cha kudarizi, na yale masanduku. Ufunguo wa kabati nilikuwa nao mimi. Basi kuanzia hapo nikawa mtaalamu wa matetemeko wa mkoa mzima.

Niieleze kazi yenyewe kidogo, maana bila hivyo habari hii itaonekana ya wendawazimu. Kila jengo linayumba, hata siku ambayo ardhi imetulia. Upepo unalisukuma, lori linapita, treni inapiga breki, nalo linakwenda na kurudi, kidogo mno hata aliyelala ndani hajui. Na kila jengo lina mwendo wake. Ukiliwekea sanduku juu, ukawataka watu wote watulie, utapata mwendo huo kwenye karatasi. Likija tetemeko, unarudi kupima tena. Ukikuta sasa linayumba polepole kuliko mwanzo, ujue ndani kuna kitu kimelegea, hata kama kwa nje linapendeza. Wageni walikuwa wamepima majengo kadhaa ya mjini wakati wakiwepo, kwa hiyo vipimo vya mwanzo tulikuwa navyo. Kilichobaki ni kuzunguka na sanduku kwenye kikapu cha baiskeli.

Jengo mojawapo lilikuwa ghala la zamani la ushirika, njia ya kwenda Kihonda. Lilikuwa la ghorofa moja, zege chini na zege juu, dirisha refu upande wa barabara. Ushirika ulipoishiwa nguvu, vyumba vilipangishwa kwa yeyote mwenye biashara. Chini waliingia wauza mitumba. Juu waliingia wanawake wa mchele, wale wanaoufuata mpunga Dakawa, wanaukoboa kwenye mashine za Kihonda, halafu wanauza kwa gunia na kwa pishi. Kiongozi wao, aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa ngazi, alikuwa mama mkwe wangu.

Hapo ndipo matatizo yangu yalipoanzia. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Waluguru ni watani wangu. Mtu wa milimani ambaye sijawahi kumwona anaweza kunivua kofia barabarani akaondoka nayo, na mimi nikamshukuru. Lakini nilikuwa nimeoa kwao, na mama mkwe hana utani. Mama mkwe wangu alizaliwa juu ya Mlali, akalelewa na bibi yake, na hakuwa amesikia kwamba mjini mambo yamebadilika. Tangu nimwoe binti yake sikuwahi kumtazama usoni. Nikienda kusalimia, nilikaa barazani, yeye nyuma ya pazia, tukaulizana habari za shamba kwa urefu. Tukikutana njiani, mmoja alikata kona. Hata chumba anachofanyia kazi sikuwahi kukanyaga. Wakati wa mradi, siku ya kupima lile ghala, nilibaki nje nikishika baiskeli na mwenzangu mmoja wa ofisini ndiye aliyepanda. Wale wageni walidhani naogopa ngazi.

Mwenzangu huyo alikuwa amehamishiwa mkoa mwingine. Baada ya tetemeko hapakuwa na mtu wa kupanda ila mimi.

Majengo mengine yote niliyaendea bila kutoa taarifa. Hospitali, shule mbili, nyumba ya ibada, nilifika tu na sanduku langu, watu wakanisukumia kiti. Lakini kwa mama mkwe mtu hafiki tu. Nilimtafuta mshenga wangu, fundi cherehani wa sokoni aliyenipelekea posa, mtu mpole kiasi kwamba hata mbuzi akila kitambaa chake anamwomba radhi. Nikamtuma aseme kwamba mkwe atafika Jumatano asubuhi, kikazi, kupima jengo.

Jumatano nilifika. Nilipanda zile ngazi nikiwa nimechomekea shati, na moyo ukinienda mbio kuliko siku ya ndoa. Juu nilikuta chumba kikubwa, kitupu, kimefagiwa, kuta zimepakwa chokaa mbichi, ukutani pananukia bado. Katikati ulitandikwa mkeka mpya. Juu ya mkeka palikuwa na sinia la wali, kuku mzima, na birika la maji ya kunawa. Sauti ya mama mkwe ilitoka nyuma ya mlango wa stoo, ikanikaribisha, ikauliza habari za Tabora, ikanyamaza. Nilitega sanduku pembeni ya mkeka. Hakuna aliyetikisika. Sijawahi kupata kipimo kisafi kama kile. Halafu nikala, kwa sababu kutokula kungekuwa kesi nyingine.

Umeme ulikuwa wa mgao, kwa hiyo kompyuta ilingoja mpaka kesho yake mchana. Karatasi ilipotoka niliitazama, nikaigeuza, nikaitazama tena. Ghala lilikuwa linayumba upesi kuliko kabla ya tetemeko. Kwa kusoma vile tulivyofundishwa, ni kwamba tetemeko lilikuwa limeliimarisha.

Nilimpelekea mkubwa wangu, mhandisi, mtu mzuri lakini aliyependa mambo yaishe kabla ya chai ya saa nne. Akafurahi. Alisema huenda ardhi imejikaza chini ya msingi. Nikamwambia ardhi haijikazi kwa kutikiswa, na zege halinenepi. Akanitazama juu ya miwani.

"Kwani wewe unataka mama mkwe wako akae kwenye jengo bovu?"

"Nataka karatasi ikubaliane na akili, mzee."

"Karatasi inasema salama. Akili yako haina mhuri."

Akaandika barua kwamba jengo ni salama, ikapelekwa, wanawake wa mchele wakaibandika kwenye mlango wa ngazi kwa unga wa muhogo. Jioni nilipopita walinipigia vigelegele. Mmoja wao, mwanamke mnene mwenye sauti ya mnada ambaye ni mtani wangu wa kufa na kuzikana, alipaza sauti barabarani: "Mnyamwezi! Zamani mlikuwa mkibeba pembe za watu, leo mnabeba masanduku. Mnapanda cheo!" Nilimjibu kwamba babu yangu alimbeba babu yake mpaka Bagamoyo akamrudisha kwa kukosa mnunuzi. Tukaachana vizuri. Lakini usiku sikuridhika.

Mke wangu husema nina hasira za karibu. Hasira zangu kwa kweli ziko mbali, ila jambo lisiloeleweka huzisogeza. Wiki nzima nilikuwa nagombana na kila kitu, na mnyororo wa baiskeli, na chumvi kwenye mchicha. Siku moja jioni mke wangu, ambaye ni mwalimu na si mtu wa kulalamika, aliniomba nimkande mgongo. Nikamuuliza kafanya nini. Akasema tangu ile Jumatano yangu mgongo haujapona.

"Jumatano yangu ipi?"

"Uliyokwenda kwa mama. Tulishusha magunia alfajiri, tukayapanga kwa jirani, na mchana ulipoondoka tukayapandisha. Makuli walikuwa wachache."

"Magunia gani?"

Alinigeukia. "Ya mchele. Chumba kile hujaa mpaka dirishani. Sasa mama angekupitisha mkwe katikati ya magunia na panya?"

Niliacha kumkanda. Mwenye migomba anaelewa jambo hili upesi kuliko mhandisi. Mgomba wenye mkungu ukiusukuma huyumba polepole, mzito. Ukikata mkungu, shina lilelile linarudi haraka. Wageni walipima ghala likiwa limejaa, maana siku ile mkwe alibaki nje na hakuna aliyehamisha kitu. Mimi nililipima likiwa tupu, limefagiwa, na kuku juu ya mkeka. Ule upesi niliouona haukuwa uimara wa jengo, ulikuwa adabu ya mama mkwe. Na chini ya adabu hiyo jengo lingeweza kuwa zima au limevunjika, na hakuna mtu duniani aliyejua.

"Na chokaa?" nikauliza.

"Tulipaka Jumanne. Kuta zilikuwa zimechafuka."

"Zimechafuka au zimepasuka?"

Alisema yeye alipaka upande wa mlango. Upande wa dirisha alipaka mama mwenyewe, hakutaka kusaidiwa.

Tangu dakika hiyo sikuwa na amani. Magunia yalikuwa yamerudi juu. Chini yake walikaa wauza mitumba, na juu yake alishinda mama wa mke wangu, bibi wa watoto wangu, kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Nilihitaji kitu kimoja tu: kupima tena, magunia yakiwa mahali pake. Mtu wa nje atasema, si uende tu. Mtu wa nje hajaoa Uluguru.

Kwanza nilimtuma mke wangu. Alikwenda, akamwambia mama yake kwamba safari hii asihamishe kitu. Mama yake alimcheka. Alisema binti amekuwa mvivu tangu aingie kwa Wanyamwezi, na kwamba mtu akikwepa kubeba gunia aseme mgongo unamuuma, asimsingizie mumewe.

Kisha nilimtuma mshenga. Nilimweleza taratibu, kibandani kwake, akiwa na sindano mdomoni. Nilisema: mwambie mkwe atakuja tena Jumanne, na anaomba sana, magunia yabaki. Mshenga alitoa sindano. Aliniambia hawezi kumwambia mama mtu mzima kwamba mkwe wake ana maoni juu ya magunia yake. Ni sawa na kusema mkwe anachungulia ndani. Atatafuta namna. Alipakia heshima zake zote kwenye baiskeli, akaenda, akarudi ameridhika.

"Umemwambiaje?"

"Nimemwambia mkwe anasema usijisumbue."

Nilikaa chini juu ya vitambaa vya wateja. Katika nchi hii hakuna mgeni asiyesema usijisumbue, na hakuna mwenyeji ambaye, akisikia hivyo, haendi moja kwa moja kukamata kuku wa pili.

Jumanne nilipanda ngazi nikijua. Chumba kilikuwa kitupu kuliko mara ya kwanza. Hata mizani iliyokuwa ukutani mara ya kwanza ilikuwa imeondolewa. Kuku walikuwa wawili. Chokaa ilikuwa imerudiwa upande wa dirisha. Sikulifungua sanduku. Nilikula, nikashukuru kupitia mlango wa stoo, nikashuka. Wale makuli walikuwa wamekaa kivulini ng'ambo ya barabara na magunia yao, wakinitazama kwa macho ya watu waliobeba kitu kimoja mara tatu kwa ajili ya mtu mmoja, na ya nne inawangoja.

Nilimrudia mkubwa wangu nikamweleza habari yote, kuku na magunia. Alisikiliza mpaka mwisho, nampa haki yake. Akasema hawezi kufuta barua ya ofisi kwa sababu ya usafi. Nilete kipimo.

Kwa hiyo nilifanya jambo ambalo mpaka leo mshenga wangu hapendi litajwe mbele yake. Alhamisi, katikati ya asubuhi, wakati biashara imechanganya, nilifika kwenye lile ghala bila kumwambia mtu. Yule mtani wangu alikuwa chini mlangoni akimfungia mteja mchele. Aliponiona na sanduku alifungua kinywa aanze utani, akaona uso wangu, akakifunga. Nilipanda. Sikupiga hodi. Ningepiga hodi, angejificha stoo na magunia yangeanza kutembea.

Chumba kilikuwa kimejaa mpaka dirishani, kama nilivyoambiwa. Katikati ya magunia palibaki nafasi kama ya kitanda, na hapo alikuwa amesimama mwanamke mrefu, kanga kaifunga kwapani, kichwa wazi, nywele nusu zina mvi, mikono imekuwa myeupe kwa pumba. Alikuwa anapima mchele kwa pishi, anahesabu kwa sauti. Wanawake wengine watatu walikuwa wamekaa wakipepeta. Alinigeukia, nami nikamwona mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Mke wangu amefanana naye kabisa, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Pishi ilimponyoka. Mchele ulitapakaa mpaka kwenye viatu vyangu. Akageuka, akaelekea ukuta wa magunia, akasimama akinipa mgongo, na mikono kichwani kufunika nywele kwa sababu kitambaa kilikuwa mbali.

"Shikamoo mama," nilisema, nikiutazama ukuta mwingine. "Naomba mtu yeyote asitembee. Hata hatua moja."

Nilitega sanduku juu ya zege, nikaliwasha. Hapo ndipo nilipogundua nilichokifanya. Sanduku linahitaji utulivu wa muda mrefu. Hatua ya mtu mmoja inaharibu karatasi nzima. Mama mkwe hakuweza kutoka. Mimi sikuweza kutoka. Tulibaki kwenye chumba kimoja, yeye akiyatazama magunia, mimi nikiitazama chokaa, na wale watatu wakiwa wameshikilia nyungo hewani wasijue wazishushe au la. Lori lilipita nje, nikalisikia zege likijibu chini ya nyayo zangu. Labda ilikuwa miguu yangu. Niliona haya ambayo sijawahi kuona tena, haya ya masikio kuwaka moto.

Kisha yeye akasema, bila kugeuka, kwa ile sauti niliyoizoea kutoka nyuma ya pazia:

"Mkwe."

"Naam, mama."

"Kuna mtu kafa?"

"Hapana, mama," nikasema. "Bado."

Nilijilaumu kwa lile neno mara lilipotoka, lakini lilikuwa limeshatoka, na ndilo lililokuwa neno lenyewe.

"Upande wa dirisha," akasema, "pale boriti inapokutana na nguzo. Palikuwa na ufa. Nikauziba kwa udongo, nikapaka juu. Sikutaka uje uone nyumba yangu ina ufa."

"Ulikuwa mkubwa, mama?"

"Kidole kiliingia. Mara ya pili viliingia viwili."

Mmoja wa wale wanawake alishusha ungo taratibu mapajani. Taa ya sanduku ilipozimika nilisema nimemaliza. Mama mkwe alisema, bado akinipa mgongo, "Haya, nenda salama." Nilitoka nikikanyaga mchele wake, nikashuka ngazi, nikapanda baiskeli, na sikumbuki njia mpaka ofisini.

Sakafu ile ilikuja kuanguka, na nasema mapema ili msomaji asikae roho juu. Lilipita tetemeko jingine, dogo kuliko la kwanza, miezi kadhaa baadaye, saa za soko. Boriti ya dirishani ikachomoka kwenye nguzo na zege la juu likalala chini lote kwa mara moja. Haikumkuta mtu. Kabla ya hapo ofisi yetu ilikuwa imekubali mwishowe, ikasimamisha miti ya kuegemeza na kushusha mchele kidogo kidogo, na wale wa mitumba walikuwa wamehamia ng'ambo. Mkubwa wangu alikwenda kutazama kifusi, akavua kofia, akasema "Loo," akarudi kunywa chai. Nampenda zaidi tangu siku hiyo. Lakini kuanguka kwenyewe sikukuona, nilikuwa Dakawa nikikagua paa. Ninachokikumbuka mimi ni ile Ijumaa, siku iliyofuata baada ya kuingia bila hodi.

Umeme ulirudi Ijumaa asubuhi. Karatasi ilitoka. Ghala likiwa limejaa, sawasawa na siku ya wageni, lilikuwa linayumba polepole kuliko walivyolikuta wao, na tofauti haikuwa ya kubishaniwa. Hata katibu muhtasi, aliyesimama nyuma yangu kusubiri kurudisha kitambaa chake, aliiona. Nikaipeleka kwa mkubwa. Aliziweka karatasi mezani: ya wageni, yangu ya kwanza, na hii.

"Sasa nina jengo lililoimarika na jengo lililolegea," alisema, "na ni jengo moja, na mpimaji mmoja."

Nilimweleza tena. Nikamweleza ufa. Akauliza kama nimeuona kwa macho yangu. Nikasema nimeambiwa na mwenye chumba. Akauliza kama mwenye chumba ni mtaalamu. Akasema ataandika Dar waje watu wapime, na mpaka hapo barua ya kwanza inasimama, kwa sababu ofisi haiwezi kusema salama Jumatatu na hatari Ijumaa. Nilipiga meza kwa kiganja. Chai ikamwagika juu ya vipimo vyote vitatu. Alinitazama kwa upole, jambo lililoniudhi zaidi, akaniambia niende nyumbani nikapoe.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda njia ya Kihonda nikiendesha kama mwizi, nikipanga maneno. Nilikuwa nimeshaamua nitapiga magoti. Nitasimama mbele ya wanawake wale nitasema barua ni ya uongo, ingawa inatoka ofisini kwangu, na wao watasema wewe ndiye uliyepima, na watakuwa na haki. Walikuwa na mchele wa msimu mzima mle juu. Hakuna aliyewahi kuacha mchele wa msimu mzima kwa sababu Mnyamwezi kalia.

Nilipofika niliwakuta wote nje. Walikuwa wamekaa chini juani, kando ya barabara, mikono mitupu, wamenuna. Wauza mitumba nao walikuwa wanatoa marobota yao. Mlango wa ngazi ulikuwa umefungwa kwa kufuli, na barua yetu ya salama bado iko palepale, imebandikwa vizuri. Mama mkwe hakuwepo.

Yule mtani wangu aliinuka aliponiona. Safari hii hakuwa na utani.

"Umetufanya nini wewe?" aliniuliza. "Mkweo kafunga mlango tangu jana, ulipoondoka tu. Kashuka, kafunga, ufunguo kautia kifuani, kakaa kwenye ngazi ya chini mpaka magharibi. Leo kaja alfajiri kuona kama kuna aliyevunja, kaenda kuswali, atarudi kulinda. Mchele wote uko ndani. Wake ndio mwingi."

"Hamkumwonyesha barua?"

"Tulimsomea! Tumemwambia, mama, serikali imesema salama, sanduku limesema salama, mkweo mwenyewe kapima. Unajua katujibu nini?"

Nikasema sijui.

"Kasema: 'Mimi sijui sanduku. Mkwe wangu namjua. Tangu amwoe mwanangu hajanitazama usoni hata siku moja. Jana kaingia kwangu bila hodi, kanikuta kichwa wazi. Mtoto mwenye adabu kama yule haji hivyo, ila kaona kifo kimekaa na mimi. Anayetaka kupanda, anipite juu.'"

Niliegemea baiskeli yangu pale barabarani, nikalia kwa sauti mbele za watu. Wale wanawake wakatazamana, wakadhani nimepata habari ya msiba. Mmoja mmoja wakainuka, wakaja kunipa pole.